Siku Niliyoifuta Timu ya Ako

Nikipita pale wanapokaa bodaboda Nangwa nikasikia kicheko, halafu nikikaribia kicheko kinakatika na mmoja anaanza kukohoa kikohozi cha uongo, sina haja ya kuuliza, najua wanaongelea ile Jumamosi. Na wana haki. Ingekuwa imempata mtu mwingine mimi ndiye ningekuwa naisimulia kwa sauti kubwa kuliko wote. Ila kwa kuwa kila mtu anaisimulia anavyotaka (kuna wanaosema nililipua nyumba, huo ni uongo, hakuna kilicholipuka, ulikuwa moshi tu), acha niiseme mwenyewe, na aibu yangu yote, halafu mkitaka kucheka mcheke.

Naitwa Joeli. Ufundi sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwenye simu. Naangalia video, nafungua kitu, nikikwama nairudisha video nyuma, na nimeshatengeneza redio, simu, taa za sola na pasi (ile pasi ya mama wa mgahawa iliyompiga shoti siihesabu, waya ulikuwa umechoka kabla hata sijauona). Rafiki yangu ni Daudi, tangu tunachunga ndama pamoja, na mimi na urafiki niko hivi: ukimgusa Daudi umenigusa mimi, na mimi nikiguswa sina breki. Mama yangu anasema nilizaliwa nimekunja ngumi. Kumbukeni hilo, maana ndiyo habari yenyewe.

Daudi ana banda la gemu pale senta, vijana wanakuja wanacheza mpira kwenye tivii. Na ana baba yake mzee, tunamwita Ako, ndivyo tunavyomwita babu au mzee wa heshima kwa Kiiraqw. Ako alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Nesi wa zahanati, dada mmoja wa Tanga, alimwambia asiuache tu, aufanyishe mazoezi vidole visigande, akampa kimpira cha kuminya. Ako akakitupa uani, mbwa akaondoka nacho. Akasema yeye si mtoto wa kupewa mpira wa kuchezea.

Sasa siku moja Daudi akaleta nyumbani mashine moja ya zamani ya banda, ile nyeusi nene, ili ajaribu kama bado inafanya kazi. Ako akawa anaangalia, akasema huyo mchezaji wako mbona anakimbia kama amebeba gunia, nipe hicho kidude. Akapewa pedi. Akafungwa magoli mpaka tukaona huruma. Ila hasira za kufungwa (huyu mzee na mimi tumefanana hapo) zikamfanya aminye kile kidude kwa vidole vyote, vile vilivyolala na vilivyo macho, na kesho yake akakidai kabla ya uji. Nesi alipokuja akakuta kidole gumba kinacheza, akasema jamani, endeleeni na hiyo hiyo dawa.

Lakini kilichomshika Ako hasa siyo mpira, ni timu. Kwenye hilo gemu unaweza kutengeneza mchezaji wako, ukampa jina, sura, urefu, hata namna ya kunyoa. Ako akawatengeneza wenzake, wale aliocheza nao ujanani kwenye uwanja wa shule, peku. Kila jina aliliandika mwenyewe, herufi moja moja, kwa kile kidole gumba kigonjwa, na ukijaribu kumsaidia anakupiga na kiwiko. Jina moja lilikuwa linamchukua asubuhi nzima. Bura Kushoto, aliyekuwa anapiga kwa mguu wa kushoto tu. Tluway Mrefu. Na golini Petro, marehemu mume wa Mama Selina, jirani yetu. Wengi wao wameshakufa, na Ako alikuwa anawagombeza kama wako hai. "Petro, toka golini! Unaogopa nini na ulishakufa?" Sisi tunacheka mpaka tunashika ukuta. Misimu na misimu alikuwa anaicheza ile timu, kutoka daraja la chini mpaka juu, na yote imesevu humo humo ndani ya mashine, kwenye diski yake. Hakuna pengine.

Basi mashine ikaanza kuugua. Feni inalia kama mashine ya kusaga mahindi, ikichemka inazima, unaiacha ipoe, unawasha, inazima mapema zaidi. Na wiki hiyo hiyo ilikuwa zamu ya nyumba ya kina Daudi kupokea jumuiya. (Kwa asiyejua, kwetu wakatoliki wa mtaa mmoja wanasali nyumba kwa nyumba kwa zamu, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa jirani.) Mama Selina alikuwa amesikia habari za Petro, na alimwambia Ako mbele yangu, "Nitakuja na miwani yangu. Nataka nimwone huyo mtu akidaka, maana mimi nilipoolewa alikuwa ameshaacha mpira, sikuwahi kumwona." Ako akamwambia, "Njoo. Baada ya sala tutacheza, na nitamwambia asikuaibishe."

Ijumaa Daudi akaniomba niipeleke mashine Katesh kwa fundi, yeye hawezi kuliacha banda. Nikaifunga kwenye shuka, nikaikumbatia kwenye bodaboda kama mtoto mchanga, upepo wa mlima unanipiga usoni, nafika. Fundi akafungua, akaangalia, na nakiri alikuwa anajua kazi yake. Akasema, "Data ziko salama, diski haina shida. Shida ni joto, ile grisi nyeupe inayokaa juu ya chipu imekauka. Mimi imeniishia, nimeagiza Babati, Jumatatu inafika. Iacheni hapa. Na msiiwashe tena, hata mara moja." Mnaona? Kazi imekwisha. Ningesema asante fundi, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikarudi nyumbani, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Sasa yule fundi, wakati anafuta vumbi (na kweli lilikuwepo, lilitoka kwa mafungu, na mende mkavu mmoja juu yake), akacheka, akasema, "Hii ilikuwa inakaa kwenye nyumba ya watu au kwenye zizi? Mwambie mwenye nayo anunue ufagio."

Nikasikia masikio yamepata moto. "Umesemaje?"

"Nasema anunue ufagio."

"Mwenye nayo ni ndugu yangu! Baba yake ni mgonjwa! Unamwita mtu wa zizini?"

"Kijana, natania tu."

"Katanie kwenu!" Na mimi huyo, nikaisomba mashine na vifuniko vyake na skrubu zake kwenye shuka, wateja wengine wananishangaa, skrubu moja ikadondoka, nikaiacha kwa hasira. Fundi akaniita, "We kijana, basi angalau usiiwashe!" Sikugeuka.

Njiani hasira ikaanza kushuka, na ikishuka ndipo akili inaporudi, lakini mimi kurudi kumwomba mtu radhi ilikuwa bora nitembee kwa miguu mpaka Getanuwas. Nikafika nikamwambia Daudi fundi hana vifaa (ambayo ni kweli, sivyo? alisema grisi imemwishia). Ile ya Jumatatu sikuisema. Nikasema nitaitengeneza mwenyewe, kesho, kabla jumuiya haijafika.

Daudi akaniangalia. "Una uhakika?"

"Daudi, lini nimekuangusha?"

Akachelewa kidogo kujibu. Nikakasirika hata na huko kuchelewa.

Jumamosi asubuhi nikatandika gazeti kwenye meza ya sebuleni, Ako amekaa kwenye kiti chake na blanketi magotini, ananiangalia kama mtu anayemwangalia daktari akimpasua mwanawe. Nikaangalia video. Wanasema ukikosa ile grisi, wengine hupaka dawa ya meno. Nikamwuliza Mama Daudi dawa ya meno, akasema imekwisha, kesho atanunua. Nikatazama huku na huku. Pale dirishani kulikuwa na kopo la samli, samli nzuri ya ng'ombe wao wenyewe, Mama Daudi ameitoa kwa ajili ya wageni. Nikajiambia, grisi ni mafuta, samli ni mafuta, na hii haina hata kemikali. (Msicheke bado. Subirini.) Nikachota kwa kidole nikapaka, na kwa kuwa nampenda Daudi nikapaka nyingi.

Nikafunga, nikawasha. Ikawaka! Feni kimya kabisa, timu hiyo hapo, Ako akashika pedi akapiga kelele "Bura, mbele!", mimi nikasimama katikati ya sebule nikamwita Daudi aje aone nani fundi. Ilikaa hivyo mpaka Bura akapata kona. Halafu harufu ikaanza. Harufu nzuri, siwezi kudanganya, kama mtu anakaanga chapati.

Mama Daudi kutoka jikoni, "Nani anapika huko sebuleni?"

"Hakuna, Mama!"

"Mbona samli inanukia?"

Ikaanza kutiririka. Samli ikipata moto si inayeyuka, mtoto mdogo anajua hilo, na ikashuka kwenye vyuma vya chini, ikasikika kama mtu anasonya, moshi mweupe ukatoka matunduni, tivii ikaganda Bura akiwa na mguu juu, kisha tii, giza. Paka wa nyumba hiyo, ambaye siku zote ananikimbia, akapanda mezani akaanza kulamba mashine.

Na hapo hapo mlangoni, "Tumsifu Yesu Kristo!"

Jumuiya imefika.

Wakaingia na kanga zao na rozari zao, katekista mbele, mimi nasalimia shikamoo, shikamoo, shikamoo, mikono imejaa mafuta siwezi kumpa mtu mkono, na mama mmoja anavuta hewa puani anasema, "Leo tutakula, kunanukia vizuri." Mama Selina akakaa kiti cha mbele kabisa, akatoa miwani kwenye kitambaa, akaifuta, akaivaa, akaikazia macho tivii iliyozima. "Sijachelewa?"

"Hujachelewa," Ako akasema. Akanitazama mimi.

Sasa kumbe Daudi tangu Ijumaa usiku alikuwa ameshapiga simu Basotu bila kuniambia, kwa Elibariki. Huyu Elibariki naye ana banda la gemu huko ziwani, ana mashine kama ile ile, na mimi nilikuwa simtaki hata kumsikia, kwa sababu wakati Ako anaanza kujifunza, Elibariki alikuja hapa akamwona akaangua kicheko, akasema mzee anabonyeza kama kuku anayeparua. Siku ile Daudi ndiye aliyenishika shati. Nikaweka moyoni. Sasa namwona anaingia na mashine yake mwenyewe kwenye kiroba, ana vumbi mpaka kwenye kope, barabara yote ile ya kutoka Basotu, anasalimia wazee mmoja mmoja kwa adabu. Nikasema huyu amekuja kutuona tulivyoaibika.

Katekista akasema basi tusubiri kidogo vijana wamalize, sala itafuata. Kwa hiyo sebule nzima ikawa inatutazama sisi.

Elibariki akainama kunusa mashine. "Hii mmeipaka nini?"

"Endelea na yako," nikamwambia.

Daudi akauliza, "Eli, tukiitoa diski tukaiweka kwenye yako, timu itatokea?"

Elibariki akatikisa kichwa. "Ndiyo nilikuwa nataka niwaambie. Haitatokea. Hizi diski kila moja inaitambua mashine yake tu. Ukiipeleka kwenye nyingine inakudai uifute kwanza ndiyo ifanye kazi. Mimi nimeleta yangu ili mzee apate ya kuchezea leo na wageni wake, na diski tuitunze hivyo hivyo. Hii yenu isafishwe, ipelekwe Katesh kwa yule fundi, yule anaweza kuifufua hata kwa dakika chache, tuhamishe timu kwenye flashi. Umeshampelekea, si ndiyo?"

Daudi akasema, "Joeli alienda jana. Hana vifaa."

"Hana vifaa? Yule?" Elibariki akanigeukia mimi, na Daudi akanigeukia mimi, na nikajua sentensi moja tu inayofuata na uongo wangu wote uko mezani kama ile samli. Ndipo hasira ikaja kunisaidia, kama kawaida yake, rafiki mbaya asiyechelewa.

"Wewe umekuja kusaidia au umekuja kututangaza?" nikamwambia. "Unasema haitatokea, umejaribu? Mwoga wewe. Leta hapa." Nikaichomoa diski, nikaichomeka kwenye mashine ya Elibariki, nikawasha, mimi huyo na mikono yangu ya samli. Tivii ikawaka, akina mama wote wakasema aaah. Maandishi ya Kizungu yakaja katikati, na chini yake ndiyo na hapana.

"Joeli, usibonyeze," Elibariki akasema. "Hapo ndiyo inauliza kufuta."

"Joeli, subiri," Daudi akasema.

Nilikuwa nimeyaelewa yale maandishi. Nataka mlijue hili, maana watu wanasema nilikosa Kizungu. Kizungu cha simu nakijua, na neno fomati fundi simu yeyote anakutana nalo kila siku. Niliyaelewa nusu, na ile nusu nyingine nilikuwa nayo kichwani tayari, inasema huyu mtu anatufunga kamba, anataka ionekane yeye ndiye anayejua na Daudi hajui, na kwamba nikisema hapana nitakuwa nimekubali mbele ya jumuiya nzima kwamba yule aliyemcheka Ako ndiye mwenye akili. Nikasema kwa sauti, "Ako, usimsikilize, huyu ndiye aliyesema unabonyeza kama kuku!" Nikabonyeza ndiyo.

Mstari wa kijani ukaanza kutembea. Ukatembea haraka. Nilidhani vitu vya thamani vinafutika polepole, kumbe.

Elibariki akasema, taratibu, wala hakunipigia kelele, "Ile ya kuku nilisema. Na siku ile ile nilirudi jioni nikamwomba mzee msamaha."

"Aliniomba," Ako akasema. "Tukanywa chai."

Sikujua. Hakuna aliyeniambia. Mstari ukafika mwisho, tivii ikatulia, ikaja picha nzuri ya bluu yenye muziki laini, inatukaribisha, inatuuliza tunataka lugha gani.

Mama Selina akasogeza kiti mbele. Akaikaza miwani. "Petro ni yupi hapo?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Bado hajatoka?"

"Hatoki tena, Selina," Ako akasema. Alikuwa bado ameshika pedi ya ile mashine iliyokufa. Akaiweka magotini, akaufunika mkono wake na blanketi. Kisha akaniambia mimi, bila hasira, na ingekuwa afadhali angenipiga na fimbo yake, "Hao watu nilishawazika mara moja, Joeli. Mmoja mmoja. Leo umeniita kuwazika wote pamoja."

Daudi akatoka nje. Mimi nikabaki nimesimama, samli inanigandia vidoleni, paka anazunguka miguuni pangu ananipenda.

Katekista, masikini, hakuelewa kilichotokea, aliona tu nyumba imeingia msiba, akafanya alichojua kufanya, akasema tusimame tusali. Tukasali. Nilidhani yameishia hapo. Kumbe nilisahau maombi. Kwenye jumuiya kuna mahali ambapo kila mwenye nia anaitoa kwa sauti na wote mnajibu, na sisi kwetu watu hawaombi kwa mafumbo, wanataja.

Mama Selina akaanza. "Tuwaombee marehemu wetu, Petro na wenzake, walioondoka tena leo, wapumzike kwa amani. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wote wakajibu, na wengine walikuwa wanajiuliza kwa macho ameondoka nani.

Mama Daudi, "Tumwombee baba wa nyumba hii, asikate tamaa na mkono wake. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie."

Halafu yule mama aliyesifia harufu, ambaye sikuwahi hata kumkosea, "Tumwombee kijana wetu Joeli, Mungu amtulize hasira zake, na amjalie kuacha kushika vitu vya watu. Ee Bwana."

Na ikajibu sebule nzima. Kwa nguvu kuliko zile za mwanzo, sikio langu halidanganyi. Katekista akanitazama mimi ambaye nilikuwa sijafungua mdomo, akasubiri, na ikabidi na mimi nijibu, peke yangu, sauti inatoka kama ya beberu aliyekabwa, "Twakuomba utusikie." Nyuma huko msichana mmoja wa kwaya akashindwa kujizuia, akacheka puani, na kicheko hicho ndicho kilichofika stendi ya bodaboda kabla ya mimi.

Chai sikunywa. Nikamkuta Daudi amekaa kwenye jiwe karibu na zizi. Nikakaa mbali kidogo.

"Yule fundi alisema nini kweli?" akaniuliza.

Nikamwambia. Ya Jumatatu, ya kutoiwasha, ya data kuwa salama. Akauliza sasa ulichukua mashine kwa nini, nikamwambia alikutukana, alisema ununue ufagio, alisema unaishi zizini.

Daudi akalitazama zizi. Kisha akasema, "Lakini vumbi si lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Na mende?"

"Mmoja."

"Ungekuja ukaniambia ningecheka, Joeli. Ningecheka halafu ningefagia." Akasimama, akajipangusa suruali. "Wewe kila siku unanipigania. Sijawahi kukuuliza unapigana na nani."

Akaingia ndani kuwapa wageni chai.

Diski tuliipeleka Katesh pamoja na mashine yake iliyokufa. Mimi ndiye niliyeipeleka, na nilimwomba yule fundi radhi mbele ya wateja wake, na akaipokea bila neno (skrubu yangu alikuwa ameiokota, ameiweka kwenye kifuniko cha soda). Alijaribu. Aliirudisha kwenye mashine yake, akaipangusa samli yote kwa pamba na spiriti, akapaka grisi ya kweli, na mashine ikawaka vizuri kabisa kama mpya, yaani Jumatatu ile ile aliyoisema. Imepona. Ila haina kitu ndani. Akaniambia ingekuwa imeharibika yenyewe angehangaika nayo, lakini hii imefutwa kwa kuambiwa ifutwe.

Ako alikaa muda mrefu bila kugusa pedi. Nesi alikuja akamgombeza, vidole vilikuwa vimeanza tena kukunjika, na mimi nilikuwa nasikia nikiwa uani maana sebuleni nilikuwa naona aibu kuingia. Baadaye alianza tena, na aliyemwanzisha ni Elibariki, alikuja kutoka Basotu kucheza naye, akafungwa. Sijui kama alifungwa kwa kweli au kwa adabu.

Siku moja nikajikaza nikaingia, nikamwambia, Ako, nina kumbukumbu ya majina yote, nitayaandika mimi, wewe utaje tu namna walivyokuwa, nitakutengenezea timu yote kama ilivyokuwa. Hakugeuka kwenye tivii. "Acha," akasema. "Wale walikuwa wa kidole changu." Kwa hiyo anachezesha timu iliyokuja na gemu, wageni watupu, majina ambayo hawezi hata kuyatamka, na anacheza vizuri, mkono unakwenda, nesi anafurahi. Ila anacheza kimya. Akifungwa anaangalia tu mpira unavyorudishwa katikati. Hakuna anayegombezwa golini. Mama Selina akipita njiani anaitikia salamu yangu vizuri kabisa, hajawahi kuniuliza kitu, na nikimwona na miwani yake nabadilisha njia.

Na mimi na Daudi tunaongea. Anacheka, ananipa kiti, ila kitu chake kikiharibika anampa mtu mwingine akipeleke, na mimi najifanya sijaona. Nimeapa, na safari hii sikuapa kwa hasira: mtu akimsema Daudi mbele yangu nafunga mdomo, nakunja mikono nyuma kama niko paredi, naenda kwanza kumwuliza Daudi mwenyewe kama imemuuma. Nimeshaenda kumwuliza mara nyingi. Mpaka leo haijamuuma hata moja.